Kuazima na kurudisha safu katika programu zenye nyuzi nyingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi asubuhi huwa nakaa na vijana wachache wanaoandika programu hapa Kisumu. Wengi wanashughulikia seva za sacco za matatu, mizani ya wanunuzi wa maziwa na mifumo ya kliniki. Swali la kumbukumbu halikosi, na karibu kila mara huja kwa sura moja: "Seva inakwama kidogo, inaendelea, inakwama tena." Haya ni majibu niliyochoka kuyarudia kwa mdomo. Mifano mingi ni ya .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, kwa kuwa ndiyo tunayoitumia zaidi. Go na Java, lugha nyingine za programu, nimeziwekea nafasi mwishoni.

Maneno manne kwanza. Safu ni vitu vya aina moja, kwa mfano baiti, vilivyopangwa pamoja kwenye kumbukumbu. Uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, na seva huwa na nyuzi nyingi zinazokwenda kwa pamoja. Mzoataka ni ile sehemu ya mfumo inayopita kuokota kumbukumbu isiyotumika tena. Akiba ni safu zilizokwisha kutengenezwa zikisubiri wa kuziazima. Wengine huiita puli, na hatugombani.

Akiba ya safu ni nini hasa?

Fikiria matanga. Familia haiendi mjini kununua viti mia mbili vya plastiki, ikavikalia siku moja, kisha ikavichoma jioni wageni wakiondoka. Inakodi kwa chama cha kina mama. Viti vinaletwa na pikapu, vinakaliwa, vinahesabiwa, vinarudi, na Jumamosi inayofuata viko boma lingine. Programu isiyo na akiba ndiyo ile familia inayonunua na kuchoma: kila ujumbe unaoingia unatengenezewa safu mpya, unasomwa, kisha safu inatupwa na mzoataka anaitwa.

Kwenye .NET chombo hiki kinaitwa ArrayPool, na kimekuwepo tangu .NET Core ya kwanza ya mwaka 2016. Kina milango miwili tu. Rent ni kuazima, Return ni kurudisha. Ugumu wote uko katikati ya milango hiyo.

Kwani kutengeneza safu mpya ni ghali kiasi hicho?

Safu ndogo, hapana. Mfumo husogeza alama mbele kwenye eneo la kumbukumbu lililo tayari, unapangusa baiti ziwe sifuri, basi. Bili huja baadaye, mzoataka anapolazimika kupita.

Mzoataka wa .NET amegawa vitu kwa vizazi: 0, 1 na 2. Vitu vipya huanzia kizazi 0 na vingi hufia hapo, na usafi wa hapo ni wa haraka. Lakini kitu chenye baiti 85,000 au zaidi hakipitii njia hiyo. Hupelekwa moja kwa moja kwenye lundo la vitu vikubwa, na lundo hilo husafishwa pale tu kizazi 2 kinaposafishwa, yaani usafi ule mkubwa na mzito.

Sasa chukua hesabu hii. Seva inapokea ujumbe 200 kwa sekunde, na kila ujumbe unatengenezewa safu ya kilobaiti 100. Hizo ni baiti 102,400, kwa hiyo kila moja inaangukia lundo la vitu vikubwa. Kwa sekunde ni takriban megabaiti 20. Kwa dakika, gigabaiti 1.2 za vitu vilivyotumika mara moja vikatupwa. Mzoataka hapumziki, na anaposimamisha nyuzi ili amalize kazi yake, ndipo mtu wa stendi anapokwambia mashine imeganda.

Kwa hiyo niweke akiba kila mahali?

La. Na hiyo seva ya kilobaiti 100 si ya kubuni, niliiandika mwenyewe. Nilikuwa tayari nimeanza kuipachika akiba, mpaka mwenzangu mmoja akauliza swali la kitoto: ujumbe wenyewe huwa na ukubwa gani? Tukapima. Hakuna uliozidi kilobaiti 3. Nilikuwa nimeweka 100 "kwa usalama". Nusu ya tatizo iliisha kwa kubadilisha tarakimu moja.

Pima kwanza, basi. Kwa .NET tumia dotnet-counters uangalie kasi ya ugawaji wa kumbukumbu na idadi ya usafi wa kizazi 2. Kama kizazi 2 hakisumbui, acha akiba, maana utakuwa umenunua hatari bila kupata faida. Kama safu ni ndogo na haitoki nje ya kazi moja, tuseme baiti mia mbili hivi, stackalloc pamoja na Span (dirisha la kutazamia sehemu ya kumbukumbu) itakufaa zaidi: kumbukumbu inakaa kwenye rundo la uzi wenyewe (stack) na inaondoka kazi inapoisha, hakuna wa kurudishiwa.

Akiba inalipa pale ambapo safu ni kubwa kiasi, zinaombwa mara nyingi mno, na muda wa kuzitumia ni mfupi. Kusoma soketi, kubana faili, kusimba data, kupunguza picha. Safu itakayokaa mikononi mwako siku nzima usiiazime, tengeneza yako.

Nimeomba baiti 100 nikapewa 128. Je, ni hitilafu?

Si hitilafu. Akiba hupanga safu kwa madaraja ya vipeo vya 2, kuanzia 16, kisha 32, 64, 128 na kuendelea. Unapewa daraja la kwanza linalotosha. Ukiomba 102,400 utapewa 131,072. Ahadi yake ni "isiyopungua ulichoomba", basi.

Kwa hiyo usiwahi kutumia urefu wa safu kama urefu wa ujumbe. Viti vimeletwa 128, waombolezaji ni 100. Chakula kinapikwa kwa kuhesabu watu. Beba urefu wa kweli kwenye namba yake, au funga safu ndani ya Span iliyokatwa sawasawa na ujumbe, uipitishe hiyo. Mwanafunzi mmoja alikuwa akihifadhi safu nzima kwenye faili, na kila risiti ilikuwa na mkia wa risiti ya mteja aliyetangulia. Hilo linatuleta kwa swali linalofuata.

Safu niliyoazima ina data ya mtu mwingine ndani. Nani kaivujisha?

Wewe, au mwenzako aliyeitumia kabla yako. Rent haisafishi safu. Return nayo haisafishi, isipokuwa uiombe kwa hoja yake ya pili, ambayo kwa kawaida ni hapana. Sababu ni kasi tu: ukishika safu ya megabaiti kisha ukaijaza mwanzo hadi mwisho, kuipangusa kwanza ni kazi bure.

Kwa picha za matunda sokoni Kibuye, sawa. Kwa nywila, namba za siri, au majibu ya maabara ya mgonjwa, omba isafishwe unaporudisha. Usimwachie anayefuata. Anayekodi sufuria ya pilau hatarajii kukuta ukoko wa jana.

Mnakumbuka Heartbleed ya mwaka 2014? Kasoro hiyo ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandao, haikuhusu ArrayPool, ila ilikuwa ya ukoo uleule. Mtu anatuma ujumbe mfupi, anadai ni mrefu, na seva inamrudishia hadi kilobaiti 64 za chochote kilicholala jirani kwenye kumbukumbu. Vilivyolala jirani mara nyingi vilikuwa vitu ambavyo programu iliamini imeshamalizana navyo.

Kuna sababu nyingine ya kusafisha, na watu wengi huipita. Kama safu si ya baiti bali ya marejeo ya vitu, yaani anwani zinazoelekeza vitu vilipo, ukiirudisha bila kusafisha, akiba itaendelea kuvishika vitu hivyo. Mzoataka hatavigusa kwa kuwa bado vina mtu anayevielekeza. Safu za aina hiyo mimi husafisha kila mara, bila mjadala.

Nyuzi nyingi zikiazima kwa wakati mmoja, hazitapanga foleni?

Zingepanga kama kungekuwa na kabati moja lenye kufuli moja. Nyuzi kumi na sita zingesubiriana, na muda uliookoa kwa mzoataka ungeupoteza mlangoni.

Akiba ya pamoja ya .NET, ile inayoitwa ArrayPool.Shared, imepangwa kwa ngazi. Kwanza kila uzi una nafasi yake binafsi, safu moja kwa kila daraja. Kuchukua hapo hakuhitaji kufuli kwa sababu hakuna mwingine anayeifikia. Nafasi ikiwa tupu, uzi unatazama rundo la safu la kiini cha prosesa unachokimbilia. Hapo kuna kufuli, lakini ugomvi ni mdogo kwa kuwa kila kiini kina rundo lake. Likiwa tupu nalo, unapita kwenye marundo ya viini vingine. Ukikosa kote, inatengenezwa safu mpya. Kurudisha kunafuata njia hiyohiyo: safu unayorudisha inakaa kwenye nafasi ya uzi, na iliyokuwa hapo inasukumwa kwenye rundo la kiini.

Wazo si geni. Jeff Bonwick alieleza mgawaji wa kumbukumbu wa Solaris, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, mwaka 1994, ambao ulihifadhi vitu vilivyotumika ili vitumike tena, na mwaka 2001 yeye na Jonathan Adams wakaeleza namna ya kumpa kila prosesa ghala lake dogo. Tunachotumia leo ni mjukuu wake.

Uzi mmoja unaweza kuazima na mwingine ukarudisha?

Ndiyo. Akiba haiulizi aliyerudisha ni nani. Ila kama mpango wako wote uko hivyo, uzi wa kusoma ukiazima tu na wa kuchakata ukirudisha tu, nafasi binafsi ya msomaji itakuwa tupu daima na ya mchakataji imejaa, na kila safu itapitia kwenye marundo yenye kufuli. Inafanya kazi. Haina kasi ileile.

Nikirudisha safu moja mara mbili itakuwaje?

Hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipopoteza wiki mbili za maisha yangu.

Tulikuwa na mfumo wa kufuatilia matatu za sacco fulani. Siku moja mwenye gari akamkuta kwenye ramani dereva wake wa Busia yuko Ahero, upande wa pili kabisa wa mji. Akampigia.

"Wewe nilikutuma Busia. Ahero unatafuta nini?"

"Bosi, niko Luanda, njiani kwenda Busia, napakia abiria."

"Ramani inasema uko Ahero!"

Dereva akapiga picha ya stendi ya Luanda akamtumia. Dakika chache baadaye ramani ikajirekebisha, na kila mtu akalaumu mtandao. Wiki hiyo ikatokea tena, gari lingine, mahali pengine. Kwenye kompyuta yangu halikutokea hata mara moja, kwa kuwa mteja wa majaribio alikuwa mimi peke yangu.

Kosa lilikuwa hili. Ujumbe ukifika umeharibika, sehemu ya kushughulikia makosa ilikuwa inarudisha safu. Kisha finally, sehemu ya msimbo inayotekelezwa kwa vyovyote vile, nayo ikairudisha tena. Tazama njia ya akiba hapo juu uone kinachofuata. Rudisho la kwanza linaiweka safu kwenye nafasi ya uzi. La pili linaiweka hapohapo, na "ile ya zamani" inasukumwa kwenye rundo la kiini, ilhali ni safu ileile. Sasa iko sehemu mbili. ArrayPool.Shared haikagui hilo wala haipigi kelele. Uzi wa kwanza unaiazima kutoka kwenye nafasi yake, wa pili kutoka kwenye rundo, na kila mmoja anaamini ni yake peke yake. Uzi wa kwanza ulikwisha soma namba ya gari la Busia. Kabla haujafikia latitudo na longitudo, wa pili ukamwaga juu yake ujumbe wa gari lililokuwa Ahero.

Uchungu wa kosa hili ni kwamba lilipotendeka na lilipoonekana ni mahali mbalimbali. Ujumbe ulioharibika ulikuwa wa gari la tatu, lisilohusika kabisa na ugomvi. Ukisoma rekodi za makosa unaona ramani, hauoni finally.

Tulilipata kwa kujenga ganda juu ya akiba kwa ajili ya majaribio tu. Kila safu inayotoka inaandikwa kwenye daftari, kila inayorudi inafutwa, na inayorudi bila kuwa daftarini inasimamisha programu palepale na kutaja mstari wa msimbo. Vyama vya viti vilijua hili zamani: kila kiti kina herufi za chama kwa rangi mgongoni, na kuna mama mwenye daftari ambaye hadanganyiki. Tukapiga seva kwa jumbe mbovu kutoka nyuzi ishirini, na ganda likapiga kelele mara moja.

Tangu hapo nina kanuni moja ninayoigombania hata na wakubwa zangu: safu iliyoazimwa ina mwenyewe mmoja, na kurudisha kunaandikwa mahali pamoja tu. Baada ya Return, kigeu kinawekwa null, yaani tupu, kwenye mstari unaofuata.

Na nikiitumia baada ya kuirudisha?

Ni ugonjwa uleule. Kiti ulichorudisha si chako hata kama bado unakiona kwa jirani. Kompaila haitakuonya.

Sura yake inayojificha zaidi ni kwenye kazi zisizosubiriwa. Unaanza kuandika kwenye soketi, unasahau await (agizo la kusubiri kazi iishe), finally inarudisha safu, na mfumo wa uendeshaji bado unasoma kutoka humo. Au muda umeisha, umekatiza usomaji, lakini huna hakika kwamba umekoma kweli. Hapo ushauri wangu huwashangaza wengi: ukiwa na shaka, usirudishe. Iache. Hasara ni safu moja itakayookotwa na mzoataka. Ukiirudisha ingali na mtu, hasara ni gari la Busia kuonekana Ahero.

Kwa hiyo nisiporudisha, kumbukumbu haivuji?

Kwa ArrayPool, haivuji. Safu isiyorudishwa ni safu ya kawaida. Ikikosa wa kuielekeza, inaokotwa. Unapoteza faida ya akiba tu, na ukifanya hivyo kila mara unakuwa na gharama ya akiba pamoja na ya mzoataka. Ndiyo maana try na finally zinatosha kwa njia ya kawaida, na njia ya ajali inaweza kupoteza moja moja.

Nitengeneze akiba yangu mwenyewe?

Mara chache. ArrayPool.Create hukupa akiba ya peke yako. Bila maelekezo, inahifadhi safu zisizozidi vipengele 1,048,576, na safu 50 kwa kila daraja. Inafaa ukitaka kutenga sehemu moja ya mfumo na nyingine, kwa mfano data za wagonjwa zisishiriki safu na kitu kingine chochote. Kwa kasi tu, Shared itakushinda.

Mchana seva ilijaa, usiku kumbukumbu haishuki. Ni akiba?

Inawezekana. Akiba ni stoo, na stoo ina vitu. Shared hupunguza safu zisizoguswa kwa muda pale usafi wa kizazi 2 unapofanyika, na hupunguza kwa nguvu zaidi mashine ikibanwa. Seva isiyo na kazi usiku haifiki kwenye usafi huo, kwa hiyo hakuna kinachoisukuma. Kama mashine ina nafasi, usihangaike. Kama mmekodi seva ndogo na kuna huduma nyingine juu yake, weka kikomo cha kumbukumbu kwenye mipangilio ya mzoataka.

Sisi tunatumia Java. Haya yanatuhusu?

Kwa vitu vidogo, msiweke akiba. Kila uzi wa Java una kipande chake cha kugawia kumbukumbu, na kitu kinachokufa mapema karibu hakigharimu chochote. Akiba ya vitu vidogo huvizeesha bure na kumpa mzoataka kazi zaidi. Kwa bafa za mtandao, yaani safu za kushikilia data inayoingia na kutoka, ni tofauti. Netty, maktaba ya mtandao ya Java, ina PooledByteBufAllocator tangu toleo la 4, iliyofuata mpango wa jemalloc (mgawaji mwingine wa kumbukumbu), na inahesabu marejeo: kila bafa ina hesabu ya wanaoishika, na ikifika sifuri inarudi. Tofauti kubwa na .NET ni kwamba ukisahau kurudisha, pale kumbukumbu inavuja kweli. Kwenye majaribio washa kipelelezi chake cha uvujaji kwa kiwango cha paranoid. Ni kizito, kwa hiyo kwenye seva ya wateja kishushe.

Na Go?

Go ina sync.Pool, iliyoingia toleo la 1.3 mwaka 2014. Haina madaraja ya ukubwa: kilichowekwa ndicho kinachotoka, kiwe kidogo kiwe kikubwa. Mzoataka huimwaga, ingawa tangu toleo la 1.13 kitu huponea mzunguko mmoja kabla ya kutupwa. Usiweke ndani kipande (slice, safu ya Go) chenyewe, weka kielekezi chake (pointer). La sivyo kichwa cha kipande, baiti 24 kwenye mashine ya biti 64, kinagawiwa upya kila unapokirudisha, na umekosa ulichokifuata.

Halafu chunga bafa zilizonenepa. Ujumbe mmoja wa megabaiti 5 unaikuza bafa, bafa inarudi akibani, na kuanzia hapo kila ujumbe wa baiti mia unakalia megabaiti 5. Maktaba ya fmt ya Go yenyewe iliwahi kukutana na jambo hili, ndiyo maana bafa yake ikizidi kilobaiti 64 inatupwa badala ya kurudishwa. Kwenye msimbo wetu tumeiga namba hiyohiyo, na bado sijapata sababu ya kuibadilisha.